Hema Lililopungua Mkono Mmoja

Mama yangu alisema hatalala nyumba ya mchu. Sisi Wabajuni mtu humwita mchu, na mama akisema "nyumba ya mchu" ana maana ya nyumba yoyote isiyo yake, hata ikiwa ya jamaa aliyenyonya naye ziwa moja. Alikuwa ameketi mkekani katika ua wetu hapa Kismayo, anachagua mchele, na wala hakuinua uso.

"Chovai nitakwenda," alisema, "na nitalala usiku mmoja. Lakini nyumba ya mchu silali, na yangu iko."

Yake iko, sikatai. Ina kuta nne za mawe, haina paa, na katika chumba alichonizalia mimi hulala mbuzi wa watu. Habari hizo alituletea mdogo wangu wa kiume, ambaye ana mashua yake ndogo ya tanga na huvua huko visiwani. Hupita Chovai kila mwezi akielekea Kudha, na kila akirudi mama humhoji mpaka chai inapoa. Msikiti uko? Kisima je, maji yake yangali matamu? Kaburi la baba yenu limeota majani au jamaa wanalifyeka? Jamaa zetu waliobaki kisiwani walishatuma salamu zaidi ya mara moja kwamba chumba kipo na mkeka upo, mama aje tu. Mama aliwashukuru, akawaombea dua, na msimamo wake ukabaki pale pale.

Tulitoka Chovai mwaka wa vita. Mimi nilikuwa msichana wa kuposwa, na mdogo wangu alikuwa wa miaka mitano, nimemshika mkono. Ya siku ile siyasimulii, kwa sababu kila Mbajuni wa umri wangu anayo ya kwake na yote yanafanana. Tulikaa kambini Kenya miaka mingi, kisha tukahamia Mombasa, ambako nilishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi mpaka nikanunua yangu. Halafu tukarudi, tukafika Kismayo, na hapo tukasimama. Sasa ni mwaka wa sita. Kutoka hapa mpaka Chovai ni safari ya siku moja upepo ukiwa mzuri, na mama hakuwahi kuifunga safari hiyo, mara hali si nzuri, mara ruhusa haijatoka, mara magoti. Na sasa umri wake ulikuwa umepita themanini na alikuwa ameweka nadhiri. Kabla hajafukiwa, alale Chovai usiku mmoja.

Mdogo wangu ndiye aliyetoa shauri. "Basi mama, ulale mashuani. Nitatia nanga mbele ya nyumba yako kabisa. Si nyumba ya mtu ile, ni mashua ya mwanao."

Mama alifikiri, akarusha punje mbili za chuya. "Na umande?"

"Nitafunga turubai juu."

"La nailoni?"

"Ndiyo, lipo gumu zuri."

"Sitaki," mama alisema, akaendelea na mchele wake.

Mdogo wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekataa. Lakini mimi nilimwelewa mama bila kuelezwa. Kambini tulilala chini ya nailoni miaka tisa. Mchana inawaka, usiku inatoa jasho lake yenyewe na kukudondoshea usoni, na upepo ukivuma haikunyamazii hata dakika moja. Dada yetu mdogo alifia chini ya nailoni ile, kwa homa, na mama alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi. Mtu akikwambia hataki nailoni baada ya hayo, humuulizi sababu.

"Nguo ya pamba," mama alisema. "Dada yako ni fundi. Atashona hema la pamba."

Wakanitazama wote wawili, nikasema haya, inshallah, kama mtu anayekubali kuchota maji. Ukweli ni kwamba sikutaka. Nataka niuseme hapa kwa sababu pale uani sikuusema. Mombasa tulikuwa na jirani, bibi mmoja mzee, aliyemngoja mwanawe wa Ulaya miaka kumi na minne. Alikuwa anaumwa kila ugonjwa na hafi. Mwanawe akaja Ijumaa, wakala pamoja, wakacheka, na Jumapili tukamzika bibi. Niliyaona kwa macho yangu na nilimwosha kwa mikono yangu. Tangu hapo ninaamini kuna wazee wanaoshikiliwa na jambo moja tu, na jambo likitimia wanaachia. Mama yangu alikuwa na jambo moja, na mimi ndiye nilikuwa nimeambiwa nimshonee.

Kutafuta nguo kulinichukua siku nyingi, na sikujikaza kuzipunguza. Madukani Kismayo siku hizi kila kitu ni poliesta, na wenye maduka wanakuapia kuwa ni pamba. Mimi sibishani nao, nachomoa uzi na kuuwasha kiberiti. Uzi wa pamba unateketea kama karatasi na kuacha jivu jepesi, na wa poliesta unajikunja ukawa tone gumu jeusi. Katika duka la mwisho mwenyewe alikuwa mzee wa Kisomali mwenye ndevu za hina, akaniita eeddo, yaani shangazi, akaniuliza kwa Kisomali nimekuja kununua au kumuunguzia duka. Nikamwambia likiungua nitajua ni la pamba. Alicheka, akaingia ndani, akatoka na jora kuukuu la marekani, ile nguo nzito ya rangi ya ufuta ambayo zamani mabibi zetu waliishonea mito. Panya walikuwa wameonja pembe moja. Uzi wake niliuchoma ukawa jivu. Ndilo lilikuwa jora la mwisho, na sikujua lingine ningelipata wapi.

Nilililoweka siku mbili kwanza, nikalianika, nikaliloweka tena, maana pamba isiporudi kabla ya kushonwa itarudi baadaye, na hapo hema linakuwa kanzu ya mtoto. Mdogo wangu alitaka tulipake sifa, mafuta ya maini ya papa wanayopakia vyombo, lisipitishe maji. Mama akamwambia kuwa hajaomba kulala tumboni mwa samaki kama Nabii Yunus. Basi likabaki pamba tupu. Pamba nzito ikilowa huvimba na kujiziba yenyewe, mradi usiiguse kwa ndani. Ukiigusa ikiwa imelowa, pale ulipogusa hudondosha.

Siku ya vipimo mdogo wangu alikuwa anakwenda pwani, akanipigia kelele kutoka mlangoni, viatu keshavaa. "Dada, mlingoti mpaka tezi, mikono minane! Ubavu hadi ubavu, kupitia juu ya foromali, mikono sita!" Tezi ni nyuma ya chombo, na foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Chombo kikilala, huteremshwa ukalazwa katikati kutoka mlingotini mpaka nyuma, na hema hutupwa juu yake likaangukia pande zote mbili. Mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati.

Nilikuwa na futikamba shingoni. Miaka zaidi ya ishirini imekaa pale, nikiswali tu huivua, kisha nairudisha. Lakini siku ile niliiona kama kitu cha Mombasa, cha sare na walimu wakuu. Hii ilikuwa kazi ya kwetu, ya chombo cha Kibajuni. Nikaivua, nikaitupa kitandani, nikanyoosha mkono wangu juu ya marekani na kuhesabu, moja, mbili, mpaka nane. Nilijisikia fahari, kana kwamba baba yupo ananiangalia. Nikakata.

Nilishona mwezi mzima. Vipande nilivikunjia mara mbili, mdomo wa mshono ukitazama chini ili maji yateremke yasiingie. Cherehani yangu ya mkono ilikuwa inalia kwenye mikunjo minene na ikabidi nizungushe gurudumu kwa kiganja, tundu kwa tundu. Uzi wa pamba niliupitisha kwenye nta. Matundu ya kamba nilikuwa ninunue ya chuma, lakini chuma huota kutu na kula nguo, kwa hiyo niliyashona kwa mkono, kwa mshono ule ule wa vitundu vya kofia alionifundisha mama Chovai nikiwa na miaka minane. Mama alinisogelea akayashika moja moja kwa kidole gumba, maana macho yake hayaoni tena kazi ndogo. "Hili limelegea," alisema, akanionyesha. Lilikuwa limelegea kweli. Nikalifumua.

Na mengine yasiyolegea nayo niliyafumua. Usiku nilijiambia kuwa kazi nzuri haitaki pupa. Jirani akinihitaji nimpunguzie buibui, naweka hema kando. Mama alikuwa akinitazama tu.

Hatimaye hema likaisha, maana hata uvivu una mwisho wake. Tukalipeleka pwani, mimi na mdogo wangu, kulijaribu. Mashua ilikuwa juu ya mchanga imeegemezwa. Akateremsha foromali, tukalitupa hema juu, akafunga upande wa mlingoti, akarudi nyuma akilivuta. Likavutika, likanyooka, na likakoma. Kutoka lilipokomea mpaka tezi palikuwa na nafasi wazi ya mkono mzima na shibiri. Ubavuni lilifika kwa shida, tena kwa sababu nilikuwa nimeacha pindo pana na yeye aliishusha foromali kidogo.

"Dada," alisema, "umeishonea mashua gani?"

Nilimwambia yeye ndiye hajui kuhesabu. Akasema nane ni nane. Nikasema na mimi nimekata nane. Tukatazamana, kisha akanyoosha mkono wake, akashika wangu akaulaza kando yake, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyake vilipita vyangu kwa upana wa vidole vinne. Mara nane. Alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Mimi nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu, kwa sababu pale pale nilikumbuka jambo nililoliona tangu utotoni na sikuwahi kulielewa. Fundi wa tanga pale Chovai alikuwa hapimi nguo hata siku moja. Alikuwa akimwita baba yangu, naye baba anaacha shughuli zake, anakuja, anapiga magoti na kulaza mkono wake kwenye nguo huku fundi akitia alama ya makaa. Mimi nilidhani ni heshima tu, mwenye chombo anakaribishwa. Kumbe chombo hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, na nguo yake pia. Nilikuwa nimejidai kurudia desturi ya kwetu na nikaibeba nusu.

"Marekani ingine ipo?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi tena. Baada ya wiki tatu bahari inafunga. Upepo wa kusi ukishaingia mimi simtii mama kwenye kimashua hiki. Labda mwakani."

Mwakani. Nilikunja hema, na uso nimeukunja, na ndani ya moyo wangu nilishusha pumzi. Naona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa nimekosea kwa makusudi, wallahi, ila kosa lenyewe halikuniuma nilivyostahili kuumwa. Mwaka mzima zaidi nitakuwa naye. Nilitembea kurudi nyumbani nikitafuta sura ya huzuni ya kumwonyesha.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza mikono, vidole vinne, bahari kufunga. Hakucheka wala hakulaumu. Aliomba nimsaidie kusimama, akaenda kwenye sanduku lake la mbao lililo chini ya kitanda na kuniambia nilivute. Akatoa kanga, akatoa Msahafu akauweka juu ya mto, akatoa mkoba wa vyeti vya kambini, na chini kabisa akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo la kijani. Nilikijua. Kilikuwa bafta, nguo nyeupe ya pamba. Aliinunua Mombasa kwa pesa za kofia zake mwenyewe, na jirani yetu mmoja aliyekwenda Hija akaichukua, akaiosha kwa maji ya Zamzam, akaianika na kumrudishia. Kila Ramadhani mama huitoa, huianika juani, huikunja upya na kuirudisha. Ni sanda yake.

"Hii ni pamba?" aliniuliza.

"Mama, hiyo ni sanda yako."

"Nimekuuliza ni pamba au si pamba."

Akachomoa uzi mmoja ukingoni, polepole, akanipa pamoja na kiberiti. "Choma."

Nikachoma. Ukateketea, ukaacha jivu kwenye kiganja changu.

"Basi iunge kwenye hema. Ni nyembamba, ikunje mara mbili. Na mlango wa nyuma hujauweka, nimelipapasa sikuuona. Uweke. Tumia yote."

"Na ukifa?" nilisema. Neno hilo sikuwahi kumwambia mama yangu usoni katika maisha yangu, na lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nikifa mtaninunulia. Hamtanizika uchi. Bafta iko madukani. Chovai haiuzwi dukani." Akakaa kitandani, akapumzika kidogo. "Watu husema haraka haina baraka. Lakini sare za darasa zima ulikuwa unazimaliza kwa wiki, na hema moja mwezi mzima. Unadhani macho yakipotea na akili inapotea? Unaogopa nikilala kule nitakufa."

"Ndiyo," nilisema. Nilikuwa nalia.

"Nitakufa. Sijui lini, na wewe hujui. Nenda kashone."

Lisilo budi hutendwa. Nilimwita mdogo wangu, nikamkalisha chini akiwa bado ananuka samaki, akalaza mkono wake kwenye bafta na mimi nikatia alama kwa chaki. Nilimaliza kwa siku nne. Upande wa mlingoti hema lilikuwa rangi ya ufuta, na upande wa tezi jeupe pe, na mahali rangi zilipokutana nilishona mishono mitatu badala ya miwili.

Tuliondoka Kismayo alfajiri, mama kakaa ngamani, yaani pale chini katikati ya chombo panapotekwa maji, juu ya magodoro mawili. Adhuhuri tulikuwa tumeshapita kisiwa cha Ngumi, na alasiri tukaingia Chovai. Mdogo wangu alimbeba mgongoni kutoka majini mpaka mchangani, na yeye akamgongagonga begani kwa fimbo amshushe, watu wasimwone anabebwa.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwake. Kwenye tundu la mlango, mlango wenyewe haupo, alisimama akapiga hodi. Nyumba yake mwenyewe. Alingoja kidogo, kisha akaingia na fimbo yake akawatoa mbuzi. "Tokeni, tokeni, mwenyewe kaja." Alishika kuta zote nne, akaniuliza ndoana ya taa iko wapi, nikamtafutia, ilikuwa ingalipo ukutani. Baadaye tulimpeleka kwenye kaburi la baba, nyuma ya msikiti, akakaa pale mpaka magharibi. Sikusikia alichomwambia. Jamaa walileta wali na samaki wa kupaka, wakaleta na watoto wao waje kumpa mkono, na mwenye nyumba ya jirani akamsihi tena alale kwake, kuna kitanda cha kamba na chandarua. Mama alimshika mkono kwa mapenzi.

"Nimeshapata nyumba, baba. Ile pale," alisema, akaelekeza fimbo majini.

Hema lilikuwa limesimama vizuri. Nasema hivyo mimi niliyelishona, na sina aibu. Mama alichagua kichwa chake kiwe upande wa tezi, chini ya nyeupe. Nilitaka kumbadilisha akanizuia. Mdogo wangu alilala omo, yaani mbele, nje kwenye tanga, na mimi pembeni ya mama, kijitaa cha sola kikining'inia kwenye foromali. Baada ya isha yakaja manyunyu. Nguo ililowa, ikavimba, ikaziba. Nilisikiliza kila mshono na hakuna uliovuja. Nikamkumbusha mama asiguse juu. Akasema anajua, yeye ndiye mke wa baharia, si mimi. Kisha akainua mkono na kugusa bafta yake kwa ncha ya kidole. Tone moja likajikusanya pale, likamwangukia kwenye paji la uso, na akaliacha lilivyo.

"Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema. Ni methali ya kila siku kwetu, nimeisikia mara elfu. Ya kwamba utakimbilia nyuma ya chombo, utakimbilia mbele, mwisho utarudi pale pale chini. Kambi, Mombasa, Kismayo. Nilimwangalia amelala chali, kalowa kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Niliweka mkono wangu kifuani mwake kana kwamba namfunika. Nilikuwa nahesabu pumzi. Nilijiambia sitalala, nikikesha haitatokea. Nilimwomba Mungu anisamehe uchoyo wangu, na nikamwomba asimchukue, yote katika dua moja. Nilihesabu, nikahesabu, nikapotea.

Kilichoniamsha ni fimbo mbavuni.

"Amka, sala inakupita. Na umekoroma usiku kucha, mimi nikadhani mashini imewaka."

Alikuwa ameshatawadha. Nilimshika mguu nikaukumbatia, nikalia kama mtoto, na mdogo wangu aliyekuwa anateka maji nyuma akauliza kuna nini. Mama akamwambia hakuna kitu, dada yako ameota.

Tulirudi Kismayo siku ile ile. Nadhiri yake imetimia, na yuko hapa uani anachagua mchele, na maneno ni yale yale. Sasa anataka kujua ni lini mdogo wangu atakwenda kule tena, maana mbuzi watakuwa wamerudi.

Lakini sanduku lilikuwa na pengo chini, na pengo lile lilininyima usingizi. Mtu wa umri wake hakai bila sanda. Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa yule mzee mwenye ndevu za hina, nikachoma uzi, nikapata bafta nzuri kuliko ya kwanza. Kumwambia mama aje anyooshe mkono apimiwe sanda, ulimi wangu ungefanyaje kazi hiyo? Nikapima mwenyewe pale dukani. Nikaiosha, nikaianika ndani watu wasiione, nikaipiga pasi, nikaja kumwekea mapajani.

Aliipapasa ukingo kwa ukingo. "Nzuri. Pamba?"

"Pamba, mama. Nimechoma uzi."

"Umepima kwa mkono wa nani?"

Alijua, na mimi nilijua kuwa anajua.

"Kwa mkono wangu."

"Basi ni yako," alisema, akanirudishia. "Mimi yangu iko kwenye hema. Siku ikifika utaifumua, na hayo matundu ya sindano yaache, hayamdhuru mtu."

Nina miaka hamsini na tano na sina sanduku. Vitu vyangu vyote viko kwenye mifuko, tangu kambini. Nilisimama pale na bafta mikononi, sijui niiweke wapi, mpaka mama akaniambia nivute sanduku lake. Akapapasa ndani, akasogeza kanga zake upande mmoja, akasogeza mkoba wa vyeti, na chini kabisa, pale ilipokuwa yake, akanipa nafasi.